Jina Lako na Uwanja Usiojengwa

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Irakoze mwanangu,

Mmetoka sasa hivi, wewe na mama yako, kwenda kuwaaga watu wa kwaya. Mimi nimebaki hapa mlangoni na daftari lako la zamani la hesabu. Nimechana kurasa za mwisho ambazo hukuziandika. Hilo utanisamehe. Kwa mengine sikuombi kitu leo.

Kuhusu safari ya kesho sina la kukufundisha. Mama yako amekwisha kukuonyesha mahali gari la matola linaposimama kubeba abiria, amekwambia Mama Neema atakungoja pale sokoni Area 18, Lilongwe, na kwamba cherehani yake ya pili itakuwa yako. Amekuambia ufunike kifua asubuhi. Hayo yote anayajua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, na limenichukua miezi mitano kulifikisha kwenye karatasi.

Unajua kwamba nyumbani tunasema Kiswahili kwa sababu mama yako ni wa Uvira na mimi ni wa Burundi, na kila mmoja wetu alikuwa mvivu wa kujifunza lugha ya mwenzake. Leo nashukuru uvivu huo. Kirundi kinampa baba maneno mengi ya heshima ya kujificha nyuma yake. Kwa Kiswahili nikisema nilidanganya, basi nilidanganya.

Nianze na mguu wangu. Ulipokuwa mdogo nilikuambia nilianguka na baiskeli. Sikuanguka na baiskeli.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nachuma chai milimani kule Muramvya. Aliyefika wa kwanza kwenye mzani jioni ndiye aliyerudi nyumbani mapema, kwa hiyo nilikimbia na kikapu mgongoni, na nilikuwa wa kwanza kila siku. Siku moja mtu wa wizara ya michezo alikuja kumtembelea meneja wa mashamba, akaniona. Wiki mbili baadaye nilikuwa Bujumbura, kwenye kambi ya timu ya taifa. Nilipewa kitanda. Nilipewa viatu vya misumari, vya kwanza nilivyowahi kuvaa miguuni, na nyama mara mbili kwa wiki. Waziri alikuja akaweka jiwe mahali ambapo serikali ingejenga uwanja wa mbio. Alitupa mkono mmoja mmoja, na nilikaa siku nzima bila kunawa mkono ule. Usicheke.

Miaka miwili jiwe lilikaa pale peke yake. Tulikimbia kwenye nyasi, kuzunguka uwanja wa mpira, tukikwepa mbuzi. Kisigino changu kikaanza kuuma. Kilipouma sana, tukaambiwa wageni wanakuja kutoka nje, ndio watakaotoa msaada wa kujenga, na lazima wote tukimbie mbele yao. Daktari wa kambi alinichoma sindano asubuhi. Nilikimbia bila kusikia mguu kabisa, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mzunguko wa mwisho nilisikia kitu kikikatika nyuma ya mguu, nikasikia mlio wake kwa masikio yangu, nikaanguka. Wageni walipiga makofi. Walidhani nimechoka.

Jumatatu orodha mpya ilibandikwa ukutani na jina langu halikuwemo. Hakuna aliyeniita kunieleza. Nilipoenda kula, mpishi, mzee mmoja wa mtaa wa Buyenzi, aliangalia chini akaniambia, “Sahani yako haiko tena, kijana yangu. Si mi, njo karatasi, ile ya ukutani, imekutoa.”

Nilichojifunza pale, Irakoze, nilikijifunza nusu. Nilijifunza kwamba walinitumia. Sikujifunza kwamba mimi pia nilinyamaza. Mguu ulikuwa umeniuma wiki sita na sikumwambia mtu, kwa sababu niliogopa kurudi kwenye chai, na kwa sababu ya ile nyama. Ningesema mapema, labda ningefukuzwa, lakini ningefukuzwa nikiwa na miguu miwili. Mtu akikaa miaka mingi anahesabu ubaya wa wengine tu, upande wake hauoni. Na hesabu hiyo ya nusu ndiyo niliyokuja nayo hapa Malawi, nikiwa mkimbizi.

Siku ile ya mashindano ya shule kule Dowa unaikumbuka vizuri kuliko mimi. Ulikimbia peku, na sketi ya shule umeikunja kiunoni, na mtoto wa pili alikuwa mbali sana hata watu wakadhani bado ana mzunguko mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kamba. Miaka kumi na tano sikuwa nimeenda kutazama mbio. Nilisikia mguu wangu mbaya unataka kuruka.

Bwana Kamwendo wa ofisi ya michezo alinikuta pale pale. Alikuja na gari la serikali, shati jeupe, saa ya kupimia mbio shingoni. Alizungumza nami Kiswahili safi, kwa sababu wazazi wake walikimbilia Tanzania zamani, akakulia huko.

“Mzee, huyu binti ni wako?”

“Ni wangu.”

“Nani amemfundisha?”

“Mi mwenyewe. Kidogo kidogo, asubuhi.”

“Mimi pia nimekuwa mkimbizi,” aliniambia. “Najua ilivyo.”

Neno hilo ndilo lililonifungua. Akanieleza kwamba serikali mpya imeanzisha kambi ya vijana wa mbio Lilongwe: hosteli, chakula, viatu, mwalimu, hata ada ya sekondari. Kisha akasema tatizo ni moja, serikali inalipia raia wake, mkimbizi hana mlango. Nikamshukuru, nikageuka niondoke. Akanishika mkono. Kulikuwa na nafasi moja, alisema, ya mpwa wake wa Area 49, msichana anaitwa Chikondi, yuko kwenye orodha lakini hapendi kukimbia. Wewe ungeingia kwa jina lake.

“Kwa muda gani?” nilimuuliza.

“Mpaka karatasi za binti yako zitengenezwe. Miezi mitatu, minne.”

Sikumuuliza nani atazitengeneza. Niliweka sahihi kwenye fomu, juu ya boneti ya gari lake, mahali pa mzazi, kwa jina la mtu nisiyemjua.

Jioni ile nilikuambia uongo wa kwanza. Ulikuwa unapepeta mahindi. Nikakuambia Chikondi ni jina la michezo, kwamba kila mkimbiaji mkubwa ana jina la michezo, hata mimi nilikuwa nalo.

“Ya kwako ilikuwa nani?” ukaniuliza.

Sikuwa nimejiandaa. Nikasema, “Radi.”

Ulicheka mpaka ungo ukamwagika. Wiki nzima uliniita Baba Radi mbele ya majirani, na mimi niliitika. Jina lako, alilokupa mama yangu siku uliyozaliwa, kumshukuru Mungu kwa sababu mama yako alikuwa karibu kufa, nililitoa siku ile kama mtu anavyomwazima jirani jembe.

Sitasema kwamba miezi ya hosteli ilikuwa mibaya. Nilikuja kukuona na kukuta mashavu yamejaa. Mlilala kwenye darasa la zamani, mkala nsima, ugali wa huku, na maharage na dagaa wa usipa, na mlikimbia kwenye uwanja wa udongo uliochorwa mistari kwa majivu, ambao mvua ikinyesha lazima uchorwe tena. Nilikuona unawasaidia wenzako kuchora. Wakikuita Chikondi uligeuka haraka. Nilijiambia, ona, mtoto ana furaha. Na ulikuwa na furaha. Ndiyo maana sijui niiweke wapi miezi ile.

Sasa nafika mahali ambapo nimesimamisha kalamu mara tatu.

Wewe unaamini kwamba mimi na wewe tulidanganywa pamoja. Mama yako aliamini hivyo mpaka juzi. Watu wa kanisa wanaamini. Si kweli. Wewe ulidanganywa. Mimi nilijua.

Miezi miwili kabla ya mbio za mchujo, Bwana Kamwendo alikuja kunichukua hapa kwa gari, akanipeleka nje ya mji, kupita Area 49. Lilikuwa shamba la mahindi lililovunwa. Kulikuwa na vigingi vimepigwa ardhini, vimefungwa vitambaa vyekundu. Akaniambia hapa serikali itajenga uwanja wa mbio wa kweli, uliotandikwa raba chini, kama wa Ulaya. Akanionyesha kwa kidole: hapa jukwaa, hapa vyumba vya kuvalia, hapa getini nyumba ndogo ya mtunza uwanja.

“Tutahitaji mtu anayejua mbio,” alisema. “Nimekufikiria wewe.”

Nilijiona tayari nina funguo za geti. Halafu, tukiwa bado tumesimama pale, akaniambia kwa sauti ile ile kwamba pasipoti imetoka. Atakayeshinda mbio za wasichana atapelekwa nje kusoma na kufanya mazoezi. Picha kwenye pasipoti ni ya Chikondi mwenyewe, mpwa wake. Familia yao imeamua aende yeye.

“Na mutoto yangu?” nilimuuliza.

“Binti yako atafanyia mazoezi hapa, mzee. Kwenye uwanja wa baba yake.”

Ningeweza kukuondoa siku ile. Hosteli haikuwa mbali, ningefika kwa miguu. Ningekuambia, funga mzigo, twende. Unajua nilifanya nini? Nilianza kupima kona. Nilitembea kutoka kigingi mpaka kigingi kwa mguu wangu mbovu, nikihesabu hatua kwenye mabua ya mahindi, nione kama kona imechorwa vizuri. Nikamwambia kona ya pili ni kali mno, wapanue kidogo. Akaandika kwenye kitabu chake. Aliandika kweli, na mimi niliona fahari.

Siku ya mbio nilikuwa kwenye uzio. Mita elfu tatu. Mzunguko wa tano yule msichana wa Blantyre alikupita, nikajikuta naomba akushinde. Nisikufiche kitu: baba yako alisimama pale akaomba ushindwe, ili nisilazimike kuwa yule niliyekwisha kuwa pale kwenye vigingi. Ukampita tena kwenye kona. Ulimaliza peke yako, na kipaza sauti kikalisema jina la yule mwingine mara mbili, na watu wakaliimba. Ulinitafuta kwa macho ukainua mkono.

Nilipiga makofi. Nilikuwa najua, na nilipiga makofi.

Halafu ile siku uliyorudi. Ulishuka kwenye matola na begi lako kichwani, huna viatu kwa sababu viatu vilikuwa vya serikali. Ulikuwa hulii. Ulisema tu, polepole, kama mtu anayeeleza hesabu, “Baba, mulinzi wa hosteli ananiambia sina kitanda, eti Chikondi alishapanda ndeke. Nikamwambia, Chikondi njo mimi. Akanicheka. Nikamwambia tena, njo mimi. Akafunga geti.”

Mbele ya watu wote nilipiga kelele. Nilimlaani Kamwendo, nililaani serikali yao na serikali yetu, nilitupa kofia chini. Majirani walinishika nisianguke. Mama yako alilia kwa ajili yangu. Na wewe, Irakoze, wewe uliyekuwa umeibiwa, ulikuja ukanishika mgongo ukasema, “Acha Baba, si kosa yako.”

Maneno hayo nimelala nayo miezi mitano.

Nilinyamaza kwa sababu bado nilikuwa naungoja uwanja. Hata baada ya kukuona umerudi peku. Nilienda mjini mara mbili nikiwaambia natafuta kibarua. Mara ya kwanza waliniambia Bwana Kamwendo amehamishiwa idara nyingine. Mara ya pili nilienda moja kwa moja kule shambani. Mtu mmoja alikuwa analima matuta. Nikamuuliza vigingi viko wapi. Akaniambia kwa Chichewa, na mikono, kwamba mke wake alivipikia nsima. Nikamshukuru, zikomo, nikaondoka.

Niliposimama barabarani nilicheka, mtu mzima peke yangu. Jiwe la Bujumbura angalau lilikuwa jiwe.

Kwa hiyo juzi nilimwambia mama yako. Alikuwa anakoroga uji. Aliweka mwiko chini vizuri, hakupiga kelele hata kidogo, ingekuwa afadhali angepiga.

“Ulimutoa mutoto yetu juu ya kiwanja?” aliniuliza.

“Ndiyo.”

“Kiwanja yenye haiko?”

“Ndiyo.”

“Na ingekuwako je? Kama wangejenga kweli? Ungekuja kunielezea?”

Jibu alilijua. Akaondoa sufuria motoni akaenda kukaa kwa jirani mpaka giza. Ulidhani amechoka na maandalizi yako. Hakuchoka. Usiku aliniambia jambo moja tu: nikuambie mimi kabla hujaondoka, ama atakuambia yeye.

Na jana, wakati unafua, nilikwenda Capital Hill, kwenye ofisi za serikali. Niliuliza mlango kwa mlango mpaka ofisi ya michezo, nikakutana na mama mmoja wa Karonga mwenye miwani, anazungumza Kiswahili cha mpakani. Nilimwambia yote, na kwamba mimi ndiye niliyetia sahihi. Alinisikiliza kalamu ikiwa mkononi. Aliniuliza kwa nini nakuja leo. Nikamwambia mwanangu anaondoka kesho kutwa, na anaondoka akidhani baba yake ni mjinga. Nataka ajue kwamba si ujinga.

Alisimama. Kisha akafungua kabati, akatoa kitabu kikubwa cha matokeo, akanionyesha mstari wako. Muda wako upo pale, umeandikwa kwa wino wa bluu, na jina la Chikondi mbele yake. Nikamwomba aandike Irakoze. Akatikisa kichwa. Mkimbizi hakuruhusiwa kuwa kwenye mbio zile, alisema, kwa hiyo hawezi kuandika kwamba ulikuwepo. Anachoweza ni kukata jina lisilokimbia, na mahali pa jina patabaki wazi. Na yule msichana aliyepanda ndege? Hilo linawahusu wakubwa wake, alisema, atawaandikia barua, lakini haniahidi kitu. Nilipenda kwamba hakuniahidi kitu. Nikamwambia akate. Akachukua rula, akakata mbele yangu.

Hayo ndiyo nimekuletea kutoka Capital Hill: nafasi tupu kwenye kitabu cha serikali ambayo wewe peke yako unajua ni ya nani. Ni kidogo sana. Najua.

Tangu urudi hujakimbia hata kuikwepa mvua. Nimekuona unatembea chini ya mvua hadi kisimani na ndoo kichwani huku wenzako wanakimbia. Sikuambii ukimbie. Sikuambii usikimbie. Miguu ile nimekwisha kuisemea mara moja na ulimi wangu haufai tena kwa kazi hiyo. Ukiamka siku moja pale Area 18 ukatamani barabara, nenda. Usipotamani, shona, na ushone vizuri. Ila mtu akikujia na kitu kizuri, hata awe mimi, hata awe mchungaji, akakuambia cha kwanza uache jina lako mlangoni, mwulize mbele ya watu ni nani atakayelitunza. Mimi sikuuliza. Na mguu ukiuma, useme unauma siku ile ile. Uache chakula kipotee.

Sijui kama mzazi anaweza kusalitiwa na kusaliti kwa mkono mmoja. Nimejaribu kuandika barua hii nikiwa yule aliyekatwa kwenye orodha ukutani, ili unionee huruma. Nilizichana hizo. Yule kijana wa chai hakukufanyia kitu. Ni mtu mzima wa leo, aliyejua vizuri maumivu yale yanakaa wapi, ndiye aliyekuelekeza huko.

Nitakupa karatasi hizi kwa mkono wangu mkirudi kutoka kwa kwaya, na nitaenda kukaa kwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba, ili usome bila kuniangalia. Kesho saa kumi na mbili asubuhi matola inapita. Mzigo wako ni mzito, na njia mpaka barabarani ni ndefu. Nitakuwa nimeamka, nimevaa, niko nyuma kule kule. Ukitaka niubebe, niite. Usiponiita, mama yako atakusindikiza, na mimi nitasikia gari likiondoka, na sitasema kwamba sikustahili kuachwa.

Baba yako